Kapu la Wiki: Namna ya Kuandaa Milo ya Jioni Isiyo na Nyama kwa Familia ya Nyanda za Juu Kusini

Biashara ya kuwapelekea watu nyumbani viungo vilivyokwisha kupimwa, pamoja na karatasi ya maelekezo ya kupikia, inahesabiwa kuwa ilianzia Sweden mwaka 2007, kisha ikaenea sana baada ya HelloFresh kuanzishwa Berlin mwaka 2011 na Blue Apron kuanzishwa New York mwaka 2012. Mteja huchagua milo ya wiki, boksi humfikia mlangoni, naye hupika kwa kufuata karatasi. Nyumba nyingi zisizokula nyama hulipenda boksi hilo kwa sababu mlo wa mboga, nafaka na kunde unahitaji kufikiriwa mapema kuliko kipande cha nyama kinachoweza kununuliwa saa kumi na mbili jioni kikakaangwa na kuliwa saa moja.

Familia ya Mbeya, Iringa, Njombe au Tukuyu inaweza kuipata faida hiyo hiyo bila boksi la kampuni yoyote. Faida yenyewe haimo katika boksi bali katika kazi iliyotangulia: mtu ameamua mapema kitakachopikwa, amepima kinachotosha watu wa nyumba hiyo, na ameviweka viungo vya jioni moja mahali pamoja ili yeyote atakayeingia jikoni, awe baba, binti mkubwa au dada wa kazi, aanze kupika bila kuuliza. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo kwa kushirikiana na mama wa genge na kijana wa bodaboda. Vipimo vyote ni vya watu sita, wakubwa wawili na watoto wanne, na vinafaa nyumba iliyoacha nyama kwa sababu ya imani, kama zilivyo baadhi ya nyumba za Wasabato na Wahindu, na hata nyumba inayotaka kupunguza nyama kwa siku tano za kazi.

Kupanga wiki

Chukua daftari na upange jioni tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa kufuata kasi ya kuharibika kwa vyakula na si kwa kufuata hamu ya siku. Majani mabichi na njegere zilizomenywa hutumika mwanzoni mwa wiki, ndizi hukaa katikati, kabichi, karoti na viazi hufuata, na nafaka kavu pamoja na kunde hubaki hadi mwisho. Mpango mmoja unaofaa ukanda huu ni ugali, maharage na majani ya maboga siku ya Jumatatu. Wali kwa mchuzi wa njegere siku ya Jumanne. Ndizi za karanga siku ya Jumatano. Viazi mviringo na kabichi siku ya Alhamisi. Na makande siku ya Ijumaa. Jumamosi na Jumapili ziachwe wazi kwa ajili ya wageni, viporo na matamanio ya watoto, kwa kuwa mpango unaobana siku zote saba huvunjika mapema.

Kila mlo uandikiwe ukurasa wake: viungo na vipimo juu, hatua chini, na saa ya kuanza kupika pembeni. Usiandike "chumvi kiasi" wala "maji ya kutosha" ikiwa ukurasa huo utasomwa na mtu mwingine, bali andika vijiko na vikombe, kisha urekebishe baada ya kuupika mlo huo mara ya kwanza.

Kuagiza kwa muuzaji mmoja

Chagua muuzaji mmoja wa kudumu. Katika jiji la Mbeya wengi hununua Mwanjelwa, wengine Uyole au Igawilo, na Iringa wapo wanaotegemea Soko Kuu au Mlandege, lakini mama mwenye genge mtaani kwako anafaa vilevile ikiwa huenda sokoni alfajiri. Mweleze waziwazi kwamba utaagiza kila wiki, kwamba utalipa siku hiyo hiyo kwa simu, na kwamba unataka uaminifu katika ubora kuliko punguzo la bei. Muuzaji anayejua kuwa utarudi wiki ijayo atakuchagulia nyanya ngumu zitakazofika Alhamisi, na atakuambia ukweli kama maharage aliyonayo ni ya msimu uliopita.

Agizo liandikwe mapema, jioni ya kuamkia siku ya kwenda sokoni, na liwe na vipimo. Mfano ni huu: "Shikamoo mama. Naomba vya wiki hii: maharage ya njano mapya kilo moja, mahindi yaliyokobolewa nusu kilo, karanga mbichi nusu kilo, mchele wa Kyela kilo moja, njegere zilizomenywa nusu kilo, ndizi mbichi za kupika 24, viazi mviringo kilo mbili, kabichi moja, karoti nusu kilo, nyanya kilo moja na nusu, vitunguu kilo moja, hoho tatu, majani ya maboga mafungu manne, figiri mafungu mawili, maparachichi matatu, malimao matatu, vitunguu saumu viwili na tangawizi kidogo. Kama njegere hazipo, naomba uniambie kabla ya kuweka kitu kingine." Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kubwa, kwa maana mlo mzima hubadilika kiungo kimoja kikibadilishwa kimyakimya. Unga wa ugali, mafuta ya alizeti, chumvi yenye madini joto na mayai huwa tayari nyumbani katika nyumba nyingi, hivyo havimo katika orodha.

Nauli ya bodaboda au bajaji ilipwe peke yake na ijulikane kabla, isije ikakatwa kutoka katika fedha za mboga. Wakati wa masika mwombe dereva afunike majani, kwa sababu majani yaliyolowa mvua njiani huoza kwa siku moja. Mpe kapu la ukindu au ndoo zenye mifuniko zinazokwenda na kurudi kila wiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na takataka nyingi za vifungashio ambazo maboksi ya ng'ambo hulalamikiwa kwazo hazina sababu ya kuwepo katika utaratibu wa namna hii.

Kapu likifika

Saa moja ya Jumapili alasiri inatosha kugawa kapu lote. Pima kwa mzani mdogo wa jikoni kama unao, au kwa kikombe kimoja kisichobadilishwa. Vitu vikavu vya kila jioni viwekwe katika mfuko wa karatasi au kopo lenye jina la siku. Majani yasioshwe sasa. Ondoa yaliyooza, kisha uyafunge katika kitambaa chenye unyevu kidogo na kuyaweka mahali pa baridi, jambo ambalo hali ya hewa yetu hulirahisisha, hasa kuanzia Juni hadi Agosti. Njegere ziwekwe kwenye jokofu, na nyumba isiyo na jokofu izitumie Jumatatu na kuyasogeza majani ya maboga hadi Jumanne. Viazi vikae gizani na mbali na vitunguu. Kiazi chenye rangi ya kijani au machipukizi mengi kitupwe, kwa kuwa rangi hiyo ni dalili ya sumu ambayo haimalizwi kwa kuchemsha.

Maharage, na sababu ya kuyaanza mapema

Hapa ndipo milo isiyo na nyama inaposhindikana katika nyumba nyingi za ukanda huu, na ndiyo maana nitakaa hapa zaidi. Mji wa Mbeya upo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Njombe unakaribia mita 2,000. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo msukumo wa hewa unavyopungua na maji yanavyochemka kwenye joto dogo zaidi, takriban nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300. Maji yanayochemka Mbeya yana joto la nyuzi 94 hivi, wakati Kyela, iliyo kando ya Ziwa Nyasa kwenye mwinuko wa takriban mita 500, maji hufika nyuzi 98. Tofauti hiyo ndogo huongeza muda wa kuiva kwa kiasi kinachoonekana, na kuongeza moto hakusaidii, kwa sababu maji yanayotokota kwa nguvu hayazidi joto lake la kuchemka; mkaa au gesi ndivyo vinavyoisha.

Dawa ya kwanza ni kuloweka. Nusu kilo ya maharage ichambuliwe kwenye ungo, ioshwe na kulowekwa katika lita mbili za maji kwa saa nane hadi kumi na mbili, yaani tangu Jumapili usiku kwa ajili ya Jumatatu jioni. Asubuhi maji hayo yamwagwe. Katika miezi ya baridi kali, anza kwa maji ya vuguvugu, kwa maana maharage hunyonya maji polepole sana katika baridi. Kisha yachemshwe kwa maji mapya, na dakika kumi za mwanzo yatokote kwelikweli, hasa yakiwa mekundu, kwa sababu maharage mabichi au yaliyopikwa kwa moto hafifu mno yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, ambayo huvunjwa na mchemko kamili. Baada ya hapo punguza moto, funika, na uyaache hadi punje iminywe kwa vidole viwili bila kupinga.

Nyanya, limao na ukwaju visiingie sufuriani kabla ya punje kulainika. Uchachu huzuia ganda na moyo wa punje kulegea, na mpishi anayetia nyanya mapema anaweza kuchemsha hadi usiku bila mafanikio. Magadi hulainisha haraka, ni kweli, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni yakizidi. Nyumba ambayo maharage ndiyo chakula chake kikuu cha kujenga mwili ifanye bila magadi. Ikiwa familia inaweza kumudu sufuria ya presha, hicho ndicho chombo cha kwanza ninachopendekeza kinunuliwe, kabla ya blenda na kabla ya jokofu, kwa kuwa mvuke uliofungiwa hupandisha joto juu ya nyuzi 110 na kuufuta kabisa upungufu unaoletwa na mwinuko.

Umri wa maharage nao una nguvu kuliko moto. Yaliyokaa ghalani muda mrefu mahali pa joto na unyevu hugeuka rangi na kuwa magumu, hivyo usichanganye mapya na ya zamani katika sufuria moja. Tunayo bahati ya kuishi karibu na Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Uyole, ambako zimetoka aina kama Uyole 96 na Njano Uyole, na wauzaji wengi wa Mbeya hulijua jina la Uyole pale mteja anapouliza mbegu. Maharage ya njano yanayopatikana katika masoko yetu huiva upesi na hayasumbui tumbo sana, na kwa nyumba inayoanza kuacha nyama ningeanza nayo.

Karanga

Katika milo hii karanga hufanya kazi ambayo pwani hufanywa na nazi: huleta mafuta, uzito na ladha ya kushiba. Nunua karanga nzima, si unga uliosagwa, kwa sababu unga huharibika ladha upesi na haumwonyeshi mnunuzi kilichosagwa ndani yake. Zichambue punje moja moja kwenye mwanga na utupe zilizosinyaa, zenye madoa meusi au ukungu wa kijani na njano. Ukungu huo huzalisha sumukuvu, ambayo haiondolewi na kukaanga wala kuchemsha, na ambayo hudhuru ini la mlaji anayeila kidogo kidogo kwa muda mrefu. Zilizosalia zikaangwe kidogo bila mafuta, zipepetwe maganda na zitwangwe kwa kinu, kiasi cha wiki moja tu.

Jioni tano

Jumatatu, anza saa kumi na moja ikiwa unapikia sufuria ya kawaida na maharage yalikwisha kuchemshwa nusu wakati wa mchana. Menya nyuzi za majani ya maboga kuanzia kwenye kikonyo, yaoshe, yakate na uyachemshe kwa kikombe kimoja cha maji kwa dakika kumi. Koroga kikombe kimoja cha karanga zilizotwangwa katika maji ya uvuguvugu, mimina juu ya majani pamoja na nyanya mbili na nusu kijiko cha chumvi, kisha uache kwa moto mdogo ukikoroga mara kwa mara hadi mafuta ya karanga yaanze kuonekana juu. Karanga zisizoiva huacha ladha ya ubichi ambayo watoto huikataa. Maharage yaungwe kwa vitunguu viwili, vijiko vitatu vya mafuta, kitunguu saumu na nyanya tatu, na ugali usongwe mwishoni kwa kilo moja hivi ya unga.

Jumanne ni siku nyepesi. Mchele robo tatu ya kilo hupikwa kwa njia ya kawaida, na njegere huingia katika rosti ya vitunguu, tangawizi, karoti, hoho na nyanya, zikaongezewa vikombe viwili vya maji na kuiva ndani ya dakika ishirini hadi thelathini. Pembeni weka maparachichi mawili yaliyokatwa na kukamuliwa limao. Wenye bahati ya kuishi Rungwe au Njombe wanayo matunda hayo mazuri kwa wingi, na mafuta yake husaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika karoti.

Jumatano menya ndizi 24 huku mikono ikiwa imepakwa mafuta ili utomvu usigande, na uzitumbukize katika maji zisije zikageuka nyeusi. Kama ndizi ni kubwa, zile za Tukuyu zinazojaza kiganja, 18 zinatosha. Panga vitunguu, nyanya na karoti chini ya sufuria, ndizi juu, mimina maji hadi yakaribie kuzifunika na uchemshe hadi ziive. Mimina kikombe kimoja na robo cha karanga zilizokorogwa, punguza moto na utikise sufuria badala ya kukoroga, ndizi zisije zikavurugika. Figiri ikatwe, ikaangwe kwa vitunguu kwa dakika tano tu na kukamuliwa limao. Mlo huu ni mzuri kuliko yote katika orodha hii, na mgeni aliyezoea nyama hatauliza iko wapi.

Alhamisi viazi kilo mbili humenywa, hukatwa vipande vinne vinne na kuchemshwa hadi viive nusu, kisha hutiwa katika sufuria yenye vitunguu, kabichi iliyokatwa nyembamba, binzari ya manjano na nyanya, vikafunikwa kwa robo saa. Mayai sita ya kuchemsha yagawanywe juu yake. Nyumba isiyokula mayai itumie choroko robo kilo zilizochemshwa.

Ijumaa makande: mahindi nusu kilo na maharage robo kilo vilowekwe tangu Alhamisi usiku katika vyombo tofauti. Mahindi hutangulia jikoni kwa saa moja, maharage hufuata, na vikiiva pamoja huungwa kwa vitunguu, karoti zilizobaki na karanga zilizosalia.

Lishe ya watoto

Maharage pamoja na mahindi au wali hukamilishana katika kujenga mwili, na hakuna haja ya kununua vyakula vya gharama kuziba nafasi ya nyama. Yapo mambo mawili ya kuangalia. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na majani hupokelewa vizuri yakiliwa na kitu chenye vitamini C, kama limao, hoho, chungwa au pera, na hupungua sana chai ikinywewa pamoja na chakula. Basi chai ya watoto na ya mama mjamzito isogezwe mbele au nyuma ya mlo kwa saa moja au zaidi. Vitamini B12 haipatikani katika mimea. Maziwa, mtindi na mayai huileta, na ukanda wetu una maziwa mengi, lakini nyumba isiyotumia hata vyakula hivyo inapaswa kuzungumza na mhudumu wa afya juu ya vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo, hasa ikiwa kuna mtoto mdogo au mama anayenyonyesha.

Mtoto wa chini ya miaka mitano ana tumbo dogo, naye hushiba kwa ugali na majani kabla hajapata nguvu ya kutosha. Mpondee maharage, umwongezee kijiko cha karanga au parachichi katika sahani yake, na umpe kidogo kidogo mara nyingi.

Kuhusu uyoga

Mvua zinapoanza, uyoga wa porini huuzwa kando ya barabara katika sehemu za Iringa na Njombe, nao hufaa sana kuchukua nafasi ya njegere siku ya Jumanne. Uagize tu kwa mtu anayeuchuma na kuula yeye mwenyewe miaka yote, wala usikubali mchanganyiko wa aina usizozijua, kwa maana baadhi ya uyoga wenye sumu hufanana na unaolika na kupika hakuondoi sumu yake. Ukiwa na shaka, nunua uliolimwa.

Kuagiza tena

Ijumaa usiku, baada ya vyombo kuoshwa, fungua makopo yote na uandike kilichobaki. Robo kilo ya maharage, vitunguu vichache na mchele kidogo ni mabaki ya kawaida, na hupunguzwa katika agizo linalofuata badala ya kulundikana. Andika pia mlo uliokataliwa na mtoto gani na kwa sababu gani, kwa kuwa mara nyingi kinachokataliwa ni kitu kimoja, kama ukali wa mnafu au ulaini wa kabichi iliyopitiliza jikoni. Kisha badilisha milo miwili tu kati ya mitano, na mitatu iliyozoeleka ibaki, ili mpishi asijifunze kila kitu upya kila wiki na muuzaji aweze kukuwekea mapema anachojua utahitaji. Ujumbe kwa mama wa genge utumwe Jumamosi kabla ya saa mbili usiku, aupate kabla hajalala na kuamkia sokoni.